Boriti, Upepo na Kioo

Matangazo ya majengo mapya ya Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa siku hizi hayakosi neno la mazingira. Picha huonyesha ghorofa la vioo lenye miti midogo vibarazani na mimea inayotambaa ukutani, na mnunuzi huahidiwa kwamba ataishi karibu na maumbile. Ukilitazama jengo lenyewe lilivyokaa kwenye kiwanja, huenda ukuta wake mpana wa kioo umeelekea magharibi, ambako jua la alasiri litaupiga mwaka mzima, na madirisha yake hayafunguki. Miti ya vibarazani haiwezi kuliondoa joto hilo. Hapa ndipo swali zima la usanifu majengo na maumbile linapoharibika: maumbile yamefanywa pambo, kitu cha kuongezwa baada ya maamuzi makubwa kwisha. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba uhusiano huo hufungwa au hukatwa mapema zaidi, siku inapoamuliwa jengo lielekee wapi, liinuliwe kiasi gani, lijengwe kwa vitu gani na vitu hivyo vitoke wapi. Anayetaka kujua kama jengo limepatana na maumbile aanze kwa maswali hayo, kisha aulize linadai nini kila mwaka ili liendelee kusimama.

Mfano unaotajwa sana barani Afrika ni Eastgate Centre ya Harare, iliyofunguliwa mwaka 1996. Msanifu wake, Mick Pearce, akishirikiana na wahandisi wa kampuni ya Arup, aliepuka mtambo mkubwa wa kupoza hewa wa aina iliyozoeleka maofisini, na wazo lake likahusishwa na vichuguu vya mchwa. Usiku, feni huvuta hewa baridi ya nje na kuipitisha katika matundu yaliyo ndani ya sakafu nene za zege, na zege hupoa. Mchana sakafu hizo hupokea joto la watu na mashine, na hewa iliyopata moto hupanda na kutokea kwenye mabomba marefu juu ya paa. Jengo linafanya kazi, na limeokoa umeme mwingi. Hadithi ya mchwa ndiyo yenye kasoro. Scott Turner na Rupert Soar, waliochunguza vichuguu nchini Namibia, walieleza mwaka 2008 kwamba joto la kiota hufuata joto la udongo unaokizunguka, na kwamba kichuguu kirefu kilicho juu yake hakipo kwa ajili ya kukipoza. Kazi yake ni kutoa hewa iliyochoka na kuingiza nyingine. Kwa hiyo jengo lilifaulu kwa kuiga jambo ambalo mchwa wenyewe hawalifanyi.

Sababu ya kufaulu kwake ni hali ya hewa ya Harare. Mji huo uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana kuna joto, usiku baridi hushuka, na tofauti hiyo ndiyo inayoliendesha jengo. Lipeleke jengo hilohilo Dar es Salaam, na mabomba yake yote, halitafanya lile lililosifiwa. Usiku wa Februari joto la Dar es Salaam halishuki sana chini ya nyuzi 25, na hewa imejaa unyevunyevu wa bahari. Hakuna baridi ya usiku ya kuweka akiba sakafuni. Mfano wa Eastgate kwa hiyo hauna umbo la kuazima. Unachofundisha ni kazi ya kulijua kwanza anga la mahali, na kazi hiyo haiwezi kununuliwa pamoja na michoro kutoka mji mwingine. Mwaka 2021, kwenye kampasi ya mafunzo ya Startup Lions kando ya Ziwa Turkana, nchini Kenya, msanifu Francis Kéré naye alijenga minara mirefu inayokumbusha vichuguu, na inatoa hewa ya moto juu huku matundu ya chini yakivuta iliyo baridi zaidi. Turkana ni nchi kame yenye upepo mkali na vumbi, na minara ile imepangwa kwa ajili ya mambo hayo matatu. Anayeiona pichani na kuipenda kwa ajili ya Tanga atakuwa amependa kitu kingine.

Pwani ya Waswahili inadai mambo yake. Katika hewa yenye unyevu mwingi jasho halikauki lenyewe, na mwili haupoi mpaka hewa isogee juu ya ngozi. Ndiyo maana upepo ni jambo la kwanza, kabla ya unene wa ukuta. Nao upepo una ratiba inayojulikana: kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, na kusi, takriban Aprili hadi Oktoba. Jua nalo lina ratiba yake. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua la Desemba hupita kusini kidogo tu mwa utosi, na la Juni huegemea kaskazini kwa karibu nyuzi 30. Katika miezi yote miwili liko juu vya kutosha kwa upenu wa kawaida kuukinga ukuta wa kusini au wa kaskazini. Ukuta usiokingika ni ule wa mashariki na ule wa magharibi, kwa sababu asubuhi na alasiri jua huja chini na kupenya moja kwa moja chini ya upenu wowote. Nyumba ndefu iliyolala kutoka mashariki hadi magharibi, yenye madirisha kwenye pande zake ndefu, imeshamaliza nusu ya kazi kabla mwenyewe hajanunua hata feni moja. Uamuzi huo hauna gharama yoyote ukifanywa siku ya kupima msingi. Siku ya pili yake hauwezekani tena.

Ustadi wa pwani husifiwa zaidi kupitia nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar, na sifa hiyo ina msingi. Kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayohayo. Jiwe la baharini likiwa bichi ni laini, hukatwa na kuchongwa kwa urahisi, kisha hukauka na kuwa gumu. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ndiyo iliyoamua ukubwa wa chumba. Mti wa mkoko unaofaa kubeba sakafu ya mawe na chokaa hauvuki kwa usalama zaidi ya mita tatu hivi, kwa hiyo vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine: daka la mlangoni, kiwanda (yaani ua wa ndani ulio wazi), msana, kisha ndani. Kipimo hicho kilisafiri. Majahazi yalipeleka boriti za Lamu na Rufiji hadi Kuwait, Bahrain na Oman, nchi zisizo na misitu ya mbao, na vyumba vya miji ya kale ya huko vikachukua upana uleule. Hapa maumbile hayakuigwa wala kupambwa. Yalikuwa mpaka ambao mjenzi aliukubali, na ndani ya mpaka huo akapata namna yake ya uzuri.

Hata hivyo, wanaosema kwamba nyumba ya mawe ilizaliwa na hali ya hewa wanasema zaidi ya ushahidi. Uchimbaji wa Shanga, kisiwani Pate, ulioongozwa na mwanaakiolojia Mark Horton katika miaka ya 1980, ulionyesha msikiti uliojengwa upya mara nyingi mahali palepale, ukianza kwa fito na udongo na kuishia kwa mawe. Hali ya hewa ya Pate haikubadilika kwa kiasi cha kudai badiliko hilo. Kilichobadilika ni utajiri, uhusiano wa kibiashara na haja ya kuonyesha kwamba mji umekita. Ukuta mnene huhifadhi joto la mchana na kulirudisha ndani usiku, jambo lisilotakiwa kabisa mahali ambapo usiku wenyewe haupoi, na ndiyo sababu moja ya watu wa Lamu kupenda kulala darini juu, chini ya kipaa cha makuti kilicho wazi pande zote. Faida ya mtaa wa mawe iko mahali pengine: vichochoro vyembamba ambamo nyumba zinakingiana jua, na kiwanda kinachoacha hewa ipande. Nyumba moja ya mawe ikisimama peke yake shambani, bila majirani wa kuitilia kivuli, ni nyumba ya joto. Kwa kipimo cha hali ya hewa peke yake, naamini nyumba ya fito, udongo na makuti, yenye upenu mpana na mwanya kati ya ukuta na paa, iliijibu pwani vizuri zaidi. Ilidharauliwa kwa sababu ilikuwa ya wasio na cheo.

Kulisema hili si kuivunjia hadhi nyumba ya mawe. Ni kutenganisha mambo mawili ambayo waandishi wengi huyachanganya: maumbile huweka mipaka, na watu, kwa heshima yao, dini yao na mali yao, huchagua ndani ya mipaka hiyo. Mipaka pia huvunjika. Sehemu ya matumbawe yaliyochimbwa kwa karne nyingi ilitoka kwenye miamba hai ambamo samaki huzaliana. Mikoko ilikatwa kwa wingi kiasi kwamba mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuiuza nje ya nchi, na biashara ya boriti iliyounganisha Lamu na Ghuba ikaisha. Kilwa Kisiwani ni shahidi mkubwa wa jambo hili. Magofu yake, yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa mwaka 2004 miongoni mwa urithi ulio hatarini, na bahari inayokula ufuko ilikuwa moja ya sababu. Yalitolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya kuyahifadhi, na kupanda mikoko kandokando ya ufuko kulikuwa sehemu ya kazi hiyo. Mti uliokatwa ubebe dari za mji sasa unahitajika ukiwa umesimama, uzilinde kuta za mji huohuo. Kwa hiyo kutumia vitu vya asili peke yake hakumpi mtu haki ya kusema anapatana na maumbile. Boriti ni kitu cha asili, na msitu wa mikoko unaweza kuisha kwa ajili ya boriti.

Jambo jingine linalosahauliwa ni matunzo. Jengo la chokaa linavuta unyevu na kuutoa. Linahitaji kupakwa chokaa mara kwa mara, na paa lake lizibwe nyufa kabla ya masika. Familia zilizoishi humo zilijua hesabu hiyo. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilipobadilisha wenyewe baada ya mapinduzi ya 1964 na kugawanywa kwa wapangaji wengi, hesabu hiyo haikuwa na mwenyewe tena. Pengine mafundi walizipiga lipu ya saruji kwa nia njema, kwa kuwa saruji huonekana imara zaidi. Saruji haipumui kama chokaa. Unyevu hunaswa nyuma yake, mawe hulainika na boriti huoza kimyakimya kwenye ncha zilizoingia ukutani. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati kazi ya kulikarabati ikiendelea, na watu wawili wakafa. Jumba lile lilikuwa na shida zake lenyewe, tangu ukubwa wake usio wa kawaida hadi nguzo zake za chuma, na sitaki kulifanya mfano wa kosa moja. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba maumbile hayaachi kulifanyia jengo kazi baada ya siku ya ufunguzi. Chumvi, mvua na mizizi hufanya kazi kila siku, na jengo lisilo na mtu wa kuzijibu limeshaanza kurudi ardhini.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni historia, na kwamba kiyoyozi kimelimaliza swali la joto. Hoja hiyo haifai kudharauliwa: hospitali inahitaji chumba cha upasuaji chenye hewa ya kudhibitiwa, na hakuna kaskazi inayoweza kufanya kazi hiyo. Lakini kiyoyozi hakiondoi joto duniani, kinalihamisha. Linatoka chumbani na kumwagwa barabarani, kwa mpita njia na kwa jirani asiye na uwezo wa kununua mashine yake, pamoja na joto la umeme uliotumika kulihamisha. Jengo la vioo lililofungwa linategemea umeme usiokatika, na siku ukikatika halina njia nyingine ya kupumua. Ofisi ya zamani yenye korido wazi na vipande vya zege vya kukinga madirisha huendelea na kazi. Kioo chenyewe kilisifiwa katika nchi ambazo miezi mingi watu hulitafuta jua liingie ndani. Huku tunalipa ili liingie, kisha tunalipa tena ili litolewe.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wingi wa watu. Miji yenye mamilioni haiwezi kukaa chini ya makuti, ambayo hushika moto upesi na kubadilishwa kila baada ya miaka michache, wala hakuna bahari yenye matumbawe ya kutosha. Ni kweli. Lakini pingamizi hili linachukulia kwamba zege na maumbile ni maadui, na Soko la Kariakoo la Dar es Salaam lilishakanusha hilo. Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, alilipa soko hilo, lililofunguliwa mwaka 1975, paa la miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini. Miavuli inatoa kivuli kipana, hewa inapita chini yake, na maji ya mvua yanateremka kupitia nguzo zake. Ni zege tupu, teknolojia ya wakati wake bila kuomba radhi, na bado limekaa kama vile soko la pwani linavyotakiwa kukaa: wazi, lenye kivuli, lisilogombana na mvua. Moto wa Julai 2021 uliliumiza vibaya, lakini wazo lililo ndani yake halikuungua. Zege lina deni lake, maana utengenezaji wa saruji hutoa karibu asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Deni hilo ni sababu ya kulitumia pale linapofanya kazi kubwa, kama katika paa lile, na kuliacha pale ambapo tofali la udongo lingetosha.

Kuhusu tofali la udongo kuna historia ya kisiasa pia. Mwaka 1977, akiitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilaumu vikali mazoea ya kuona saruji na mabati kuwa ndiyo nyumba bora pekee. Wananchi hawakumfuata, na walikuwa na sababu. Mchwa hula fito, mvua hukata ukuta usio na msingi wa mawe, na sheria za ujenzi za enzi ya ukoloni zilikuwa zimeziita nyumba zao za muda, hata zile zilizodumu kuliko watawala waliozipa jina hilo. Kuna jambo zito zaidi: mwanya uleule kati ya ukuta na paa, ninaousifu kwa kupitisha hewa, ndio mlango mkubwa wa mbu wa malaria. Mtu anayemwambia mama mwenye watoto wadogo arudie nyumba ya babu bila kumjibu kuhusu mbu hastahili kusikilizwa. Jibu lipo. Huko Magoda, mkoani Tanga, zilijengwa nyumba sita za majaribio zenye kuta nyepesi zinazopitisha hewa, nyavu kwenye mianya na vyumba vya kulala vilivyoinuliwa. Zilikuwa baridi zaidi na mbu walipungua. Mtwara likafuata jaribio kubwa zaidi la nyumba 110 za mradi wa Star Homes, ambamo afya ya watoto imefuatiliwa. Kinachonivutia ni kwamba kuinua chumba kunajibu matatizo mawili kwa tendo moja: juu upepo ni mwingi, na juu mbu ni wachache.

Maji nayo yana sehemu yake katika hesabu hii. Mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, yaliua watu na kuhamisha familia nyingi, na wengi waliwalaumu waliojenga bondeni. Lawama hiyo ni nusu ya habari. Maji yaliyofika Jangwani, ndani ya bonde hilo, yalitoka pia kwenye viwanja vya juu, vya watu wasiofikwa na mafuriko kamwe, ambao walikata miti, wakafunika ua mzima kwa zege au tofali za sakafu, wakayaelekeza maji ya paa barabarani. Msanifu anayechora nyumba na kuishia kwenye uzio amelitazama jengo kana kwamba mvua inaujua mpaka wa hati. Kila ua uliozibwa juu ya mlima ni uamuzi wa usanifu unaomfikia mtu mwingine bondeni, na katika vibali vya ujenzi ningependa swali la maji yanakwenda wapi lipewe uzito sawa na swali la unene wa nguzo.

Mahali ambapo mageuzi yanaweza kuanza upesi ni madarasani. Serikali ni miongoni mwa wajenzi wakubwa kuliko wote. Kwa fedha za kupambana na UVIKO-19 Tanzania ilijenga madarasa 15,000 kwa kampeni moja iliyoanza mwaka 2021, na shule za umma hujengwa kwa ramani za mfano. Ramani moja inahudumia Njombe, ambako mtoto hutetemeka asubuhi za Juni, na Mtwara, ambako bati lisilo na dari humchoma saa saba mchana. Huko Gando, Burkina Faso, shule ya msingi aliyoijenga Kéré mwaka 2001 ina kuta za tofali za udongo zilizochanganywa saruji kidogo, na paa la bati lililonyanyuliwa mbali na dari ili upepo upite katikati. Bati ni lilelile la kila duka la vifaa vya ujenzi. Lililobadilishwa ni mahali lilipowekwa. Pwani isingehitaji kuunakili ukuta wa Gando, kwa kuwa huko ni kukavu. Ingehitaji ramani yake yenyewe: darasa jembamba lililolala mashariki kwenda magharibi, madirisha pande zote mbili, upenu wa mita moja na nusu, dari chini ya bati. Nyanda za juu zingepata nyingine, na Dodoma nyingine. Wizara ikiwa na ramani tatu badala ya moja, fundi aliyepo kijijini ataweza kuzijenga zote kwa vifaa anavyovijua, na naamini tofauti ya gharama itakuwa ndogo kuliko bei ya feni zinazoombwa sasa kwa shule ambazo nyingine hazijafikiwa na umeme.